Samaki-chui kwa tangi la matumbawe: yupi ununue, yupi umwache dukani

Ukikutana na samaki-chui kwenye duka la samaki wa bahari wa kufuga, jicho hukimbilia madoa. Lirudishe tumboni, kisha mdomoni. Samaki hawa wa jenasi ya Macropharyngodon huuzwa kwa uzuri wao, lakini wengi wanaokufa huondoka kwa njaa, kwa mdomo ulioumia safarini au kwa minyoo waliyokuja nayo, na mara nyingi dalili zilikuwa wazi kabla mnunuzi hajatoa hela. Kwa hiyo hapa nimewapanga kwa kigezo kimoja: nani ana nafasi nzuri zaidi ya kukaa hai na kunenepa nyumbani kwa mtu. Rangi sikuipa alama.

Kabla ya orodha, tangi lenyewe. Mtazame samaki-chui aliyezoea: anaogelea kidogo, anasimama mbele ya jiwe, anainamisha kichwa na kulikagua kwa jicho moja, kisha anadonoa mara moja na kusonga mbele. Hivyo ndivyo anavyoshinda tangu taa ziwake mpaka zizimwe. Anatafuta foraminifera (viumbe vya seli moja vyenye gamba), konokono wachanga, kopepodi (vijidudu vya jamii ya kamba) na viumbe wengine wa ukubwa wa punje, na kooni ana taya la pili lenye meno ya kusagia magamba yao. Familia yake, Labridae, haina mfuko wa kuhifadhi chakula, kwa hivyo mlo mmoja mkubwa wa jioni haumfidii mchana wa njaa. Tangi lililojazwa maji juzi halina cha kumpa, hata kama vipimo vyote vya maji ni safi. Lipe angalau miezi sita, na mwaka ni bora, hadi ukimulika kioo usiku uone kopepodi wakitambaa.

Mchanga nao hauna mjadala. Samaki hawa hulala wamejifukia, na hukimbilia humo wakitishwa. Uwe laini, punje zisizozidi milimita 1 au karibu na hapo, na kina cha sentimita 5 hadi 8, japo katika sehemu moja kubwa ya tangi. Changarawe ya matumbawe yaliyosagwa huwakwaruza ngozi. Kwa ukubwa, mimi nisingeshuka chini ya lita 280, na juu lazima kuwe na wavu wa matundu madogo, maana wanaruka.

Sasa orodha.

Nafasi ya kwanza haiendi kwa chui. Inakwenda kwa binamu yake wa manjano, Halichoeres chrysus. Naye analala mchangani, naye anadonoa mawe siku nzima, ila anakubali chakula kilichogandishwa haraka, mara nyingi siku chache baada ya kufika. Hukua hadi kama sentimita 12, haguswi na hamu ya kula matumbawe, na hula minyoo bapa na konokono wadogo wanaonyonya chaza wa Tridacna. Mtu ambaye hajawahi kufuga samaki wa kulala mchangani aanze na huyu. Atajifunza tabia zote za chui bila kulipa kwa roho ya samaki. Halichoeres melanurus ana sifa hizohizo pamoja na mistari ya kijani na rangi ya chungwa, lakini dume lake likishajiona mwenye nyumba husumbua wageni. Ukiwa na mpango wa kuleta chui baadaye, mwache melanurus.

Wa pili ni jike wa Macropharyngodon meleagris, mweupe mwenye madoa meusi yaliyosongamana mwili mzima. Huyu ndiye chui ambaye ningemwambia mtu yeyote mwenye tangi lililokomaa amnunue kwanza. Hufika madukani mara nyingi kuliko wenzake, kwa hiyo unaweza kuchagua badala ya kuchukua aliyebaki. Akiwa na afya hukubali artemia (vijiduvi vya maji ya chumvi) na uduvi wa aina ya misisi bila kusubiri sana. Hufikia sentimita 15, na akishazoea ana mwili wa kuonekana hata kutoka upande wa pili wa chumba.

Macropharyngodon ornatus anamfuata kwa karibu sana, na wapo wafugaji wanaomweka mbele. Kichwa kina mistari, mwili una vidoa vya kijani na buluu juu ya wekundu. Kinachomshusha kwangu ni kwamba huonekana kwa nadra zaidi, na uhaba humfanya mnunuzi afumbie macho kasoro.

Wa nne, Macropharyngodon negrosensis, mweusi mwenye vidoa vyeupe. Ni mdogo kidogo, mpole, na anapenda kujificha. Weka pamoja na samaki watulivu au usimlete kabisa.

Wa tano atawashangaza wengi: Macropharyngodon bipartitus, mkazi wa magharibi mwa Bahari ya Hindi. Jike ni wa rangi ya chungwa mwenye vidoa vyeupe, na tumbo jeusi lililotapakaa nyota za buluu. Sijui samaki wa tangi anayemshinda kwa kunifanya nisimame. Ndiyo hatari yake. Hununuliwa na watu ambao hawakuja kununua chui, na wengi hufika wadogo na wamekonda. Ukimpata mnene na anayekula mbele ya macho yako, mpandishe hadi nafasi ya tatu bila wasiwasi. Wengine wote, waache.

Mwisho kabisa wako Macropharyngodon geoffroy wa Hawaii na Macropharyngodon choati wa Australia. Wa kwanza, hukumu ya Mahakama ya Juu ya Hawaii ya mwaka 2017 ilibana ukamataji wa samaki wa akwariamu visiwani humo, kwa hiyo hata kumwona ni bahati. Wa pili, mweupe mwenye mabaka ya chungwa, ana sifa ya kukataa chakula. Hawa ni wa mfugaji ambaye tayari ana chui wengine walionenepa.

Nje ya orodha kuna samaki ambao muuzaji anaweza kukuonyesha kama mbadala. Coris gaimard mchanga, mwekundu mwenye madoa meupe, ni kitoto kizuri kitakachokaribia sentimita 40 na kupindua kila jiwe kikitafuta kamba na konokono wako. Jamaa zao wa jenasi za Anampses na Pseudojuloides ni wagumu kama chui wagumu kabisa. Na Pseudocheilinus hexataenia, yule mwenye mistari sita, hahitaji mchanga na ni imara, lakini ni mbabe. Akitangulia tangini, chui hatapata amani.

Turudi dukani, maana hapa ndipo pesa inapookolewa au kupotea. Mwangalie samaki kwa upande, nyuma ya kichwa na chini ya pezi la kifua. Panatakiwa pawe pamejaa. Pakiwa pamebonyea kama shavu la mgonjwa, samaki huyo ameshakula misuli yake mwenyewe. Kisha midomo: wanapotishwa ndani ya mfuko wa plastiki, hujaribu kujifukia na kugonga pua chini tena na tena, na mdomo wa chini huvimba au kuchubuka. Mdomo ulioumia haudonoi. Kisha hesabu mihemo. Matamvua yanayopiga haraka huku samaki ametulia ni ishara mbaya.

Mwombe muuzaji amlishe ukiwepo. Usikubali jibu la "alikula asubuhi". Unataka kuona chakula kikiingia mdomoni na kubaki huko, kwa sababu wengine hukidaka na kukitema. Uliza pia tangi la duka lina mchanga au halina, na samaki ameshinda hapo siku ngapi. Aliyekaa wiki moja kwenye mchanga akila ana thamani kuliko aliyeshushwa leo kwa nusu bei. Ukikubaliana, omba mfuko mkubwa wenye maji mengi, au ndoo yenye mchanga kidogo chini.

Chagua jike. Samaki hawa wote huzaliwa majike, na jike mkubwa hugeuka dume akiwa hana dume juu yake. Madume waliokomaa huzoea kwa shida zaidi, na bei yao huwa juu. Majike wawili au watatu wa ukubwa tofauti, wakiingizwa siku moja, hupanga ngazi yao wenyewe, na aliye juu huenda akageuka baada ya muda. Madume wawili wa aina moja usiwaweke pamoja.

Ukimtia tangini, zima taa. Huenda atapiga mbizi mchangani ndani ya dakika moja na usimwone kwa siku mbili, tatu, hata zaidi. Usichimbe! Saa yake ya mwili bado inafuata jua la alikotoka, na pengine anaamka wewe ukiwa umelala. Endelea kutia chakula kidogo na kuangalia nyakati tofauti. Akitoka, mpe mara tatu au nne kwa siku: artemia hai kwanza, kisha misisi, mayai ya samaki, nyama ya chaza iliyokatwa laini. Samaki-mandarini wa jenasi ya Synchiropus anakula kopepodi walewale, kwa hiyo tangi dogo lichague mmoja kati yao.

Kama unaweka karantini, yaani tangi la kumtenga samaki mpya kwanza, weka humo bakuli la mchanga wa silika ili apate pa kulala. Mchanga wa matumbawe hunyonya dawa ya shaba, ile ya kuua vimelea, na kuvuruga vipimo. Shaba yenyewe ipandishe polepole kwa siku kadhaa huku ukimwona anakula, na akisusa, simamisha. Dawa ya prazikwanteli dhidi ya minyoo huivumilia vizuri zaidi, nami humpa kila chui mpya hata kama haonyeshi dalili. Kinyesi cheupe chenye nyuzi huku anakula lakini hanenepi kinaashiria minyoo ya ndani, na hapo dawa ichanganywe kwenye chakula, kwa sababu ile ya majini pekee huenda isiifikie.