Miezi nane ya kubishana na watu nisiowajua, uzoefu wangu (fundi simu, Kigoma)

Wadau habari zenu. Juzi jirani yangu wa meza hapa Mwanga aliniuliza hivi hilo grupu unaloshinda nalo linakusaidia nini, nikamjibu kwa hasira kwamba linanisaidia sana, halafu usiku nimelala nikaanza kujiuliza mwenyewe, linanisaidia nini hasa? Kwa hiyo naandika hii kwa yeyote anayetaka kuingia kwenye haya magrupu makubwa ya Telegram ya kubishana sayansi, pesa na teknolojia. Jina la grupu sitaji, yanafanana yote.

Mimi ni fundi simu, Kigoma mjini. Niliingia miezi nane iliyopita, humo ndani tupo watu zaidi ya elfu tatu na sijawahi kumuona hata mmoja wao kwa macho. Kuingia ni bure, ila mnajua rahisi ghali, kabla sijaingia bando la wiki lilikuwa linanitosha wiki, sasa hivi likifika siku ya nne limeshakufa maana watu wanatuma video za kuthibitisha hoja, mtu badala ya kuandika mistari miwili anakutumia video ya dakika arobaini anakwambia angalia kuanzia dakika ya 31. Zima kwanza ile ya kupakua video zenyewe, ndio ushauri wangu wa mwanzo. Na usingizi. Nimeshawahi kujikuta saa nane usiku nabishana na mtu kuhusu chaji ya haraka kama inaua betri, mke wangu anageuka ananiuliza nani kafa.

Haya, upande wa sayansi. Kilichoninasa ni jamaa mmoja anayeshikilia kwamba dunia ni tambarare, yeye hoja yake kila siku ni ileile, kama dunia ni mviringo mbona maji ya ziwa yametulia. Tulimcheka kama wiki nzima na akazidi kunoga, maana mtu ukimcheka unampa nguvu. Akaja dada mmoja, picha yake ni ua tu sijui yuko wapi, yeye hakucheka, akauliza humu nani anakaa kando ya ziwa kubwa. Nikasema mimi. Akaniambia kaka, subiri siku anga ni safi, shuka ufukweni angalia ng'ambo ya Kongo halafu utuambie unachokiona, sio unachokijua.

Sasa mimi nimezaliwa Ujiji, milima ya Kongo naiona tangu nikiwa mtoto. Kiangazi huwa haionekani vizuri kwa vumbi na moshi wa mapori yanayochomwa, nikasubiri mpaka mvua za kwanza zikaosha anga, nikashuka. Na kweli jamani, miaka yote hiyo sijawahi kugundua, milima unaiona imesimama juu ya maji lakini ufukwe wake huuoni, hakuna mchanga, hakuna mti wa chini wala nyumba, wakati kule kuna vijiji kibao kandokando ya maji. Yule dada akaleta hesabu: macho yakiwa mita 2 juu ya maji, upeo wako wa macho ni kilomita 5 tu, ziwa letu upana wake kwa wastani ni kilomita 50 hivi, kwa hiyo kitu chochote cha ng'ambo kilicho chini ya kama mita 160 kimemezwa na mbinuko wa maji. Milima inaonekana kwa sababu yenyewe inapita hapo mbali sana. Akasema na ukipanda juu utaona vya chini vinaanza kuchomoza.

Nikapanda mlima kule Bangwe, jasho linanitoka, na kweli kuna ukanda wa chini ukaongezeka. Nikapiga picha mbili, ya chini na ya juu, nikaziweka zote. Jamaa wa dunia tambarare akajibu kwamba simu yangu ni ya kichina, lenzi imepinda. Nusu niitupe simu ziwani.

Ila hii nilipomsimulia baba mdogo, ambaye ni mvuvi wa miaka mingi, alinishangaa mimi badala ya kuushangaa ugunduzi wangu. Akasema mbona sisi usiku tukiwa tunarudi kutoka mbali taa za mjini tunaanza kuziona za mlimani, za chini kule bandarini zinakuja baadaye. Anajua zamani sana, hakuna aliyewahi kumuuliza.

Na mimi pia nimeumbuka humo kwenye sayansi, nisijifanye. Niliandika kwa mbwembwe zote kwamba Ziwa Tanganyika lina kina kuliko ziwa lolote duniani, dakika mbili hazijapita nikapigwa na Baikal ya Urusi, mita 1,642, sisi tuna 1,470 hivi, wa pili. Kuna mtu wa Mwanza akaanza kunicheka humo, huyo nilimnyamazisha, maana Ziwa Victoria pamoja na ukubwa wake wote kina chake hakifiki hata mita 100. Tukaishia hapo.

Kwenye mambo ya pesa ndio kuna vurugu kubwa na ndio kuna faida kubwa pia, sijui nielezeje. Siku moja mtu kaandika kwamba mikopo ya kausha damu watu wanaionea tu, mtaani riba asilimia 20, benki asilimia 17, tofauti ni 3 tu na mtaani hawana usumbufu. Watu kama arobaini wakaweka dole gumba! Mpaka mzee mmoja (tunamuita mwalimu, sijui kama kweli ni mwalimu) akauliza swali moja tu: hiyo 20 ni kwa mwezi au kwa mwaka? Kimya. Ni kwa mwezi. Ya benki ni kwa mwaka. Akapiga hesabu mbele ya wote, umekopa laki moja hukulipa, mwezi wa kwanza 120,000, wa pili 144,000, wa tatu 172,800, na wakikuachia riba izae riba mpaka mwezi wa kumi na mbili ni kama 891,600. Kwa laki moja! Na akakumbusha kwamba Benki Kuu ilishaweka kikomo kwa taasisi ndogo za mikopo, asilimia 3.5 kwa mwezi, kwa hiyo anayekutoza 20 huyo hata sheria kaiweka pembeni.

Nilidhani mjadala umeisha hapo ila aliyeanzisha akaandika kitu ambacho kimenikaa mpaka leo, akasema hesabu nimeielewa mwalimu, lakini mwanangu akiwa na homa usiku benki inafunguliwa saa ngapi? Na dhamana wanataka hati ya nyumba, mimi nimepanga. Mwalimu hakuwa na jibu la haraka, akasema ndio maana kuna vicoba, jamaa akasema kikoba chetu mweka hazina kahama na sanduku. Hapo watu wakaanza kucheka na mjadala ukapotea kama inavyopoteaga.

Kupitia hukohuko ndio nilijua mifuko ya UTT, mwanzoni nilijua ni upatu wa kisasa, wakanieleza ni mfuko wa pamoja, unanunua vipande, na pesa zenu zinawekwa kwenye hatifungani za serikali (yaani mnaikopesha serikali kwa riba) na amana za benki na mingine inaweka kwenye hisa. Na kile kihesabu cha 72, gawa 72 kwa riba ya mwaka unapata miaka ya pesa kujirudia mara mbili, asilimia 10 ni miaka 7 na kidogo. Nimeanza na kidogo, haijanitajirisha, ila angalau haipo kwenye simu nikaila.

Mabaya sasa. Ukishaandika neno uwekezaji tu, inboksi wanakuja matapeli wa foreksi, mmoja alitaka elfu 30 ya darasa halafu picha yake ya gari niliikuta kwa watu wengine watatu. Kuna wale wa voisi za dakika nne, ukisikiliza dakika tatu za kwanza anakohoa na kusalimia. Kuna matusi, hasa usiku. Kuna watu hawajawahi kusema nimekosea, wanachofanya wakizidiwa ni kubadilisha mada au kuleft halafu kesho wanarudi na jina jipya kama hakuna kilichotokea. Na admini mmoja alinifungia siku tatu kwa kumuuliza chanzo cha habari yake. Nyota naipa tatu na nusu, ile nusu ni ya yule dada wa ua.

Sasa niwape hii ya mwisho ambayo inanihusu mimi na kazi yangu, nilitaka kuificha ila acha tu.

Kuna mama anauza dagaa Kibirizi, mteja wangu wa siku nyingi. Siku moja kaja na hasira zake, mkononi pawabenki imeandikwa 20,000 mAh (kipimo cha chaji inayobeba), anasema simu yake ni 5,000, ilitakiwa ijaze mara nne, inajaza mara tatu kwa shida. Nikaigeuza geuza, nikamwambia kwa uhakika kabisa, mama hii feki, umepigwa. Akaenda zake kwenye duka alikoinunua, la dogo mmoja karibu na stendi, sijui waliongea nini, ila dogo tangu siku hiyo akipita hanisalimii.

Miezi kama miwili baadaye nipo kwenye grupu, mtu analalamika kitu hichohicho, mimi kama fundi nikadakia, feki hiyo, hakuna mjadala. Akanijibu mtu mmoja sijawahi kumuona akiandika, bila matusi wala emoji. Akasema fundi, zile 20,000 zimepimwa kwenye betri za ndani zenye volti 3.7, kwa hiyo nishati yake ni wati-saa 74. Inapotoka kwa waya inapandishwa mpaka volti 5, gawa 74 kwa 5 unapata 14.8, yaani 14,800. Hapo bado joto, asilimia kumi mpaka ishirini inaishia kwenye kupasha chombo. Inayofika kwa mteja ni elfu 12 na kitu, na nzima kabisa inajaza simu ya 5,000 mara mbili na nusu mpaka tatu. Angalia mgongoni kwenye maandishi madogo, wenyewe wameandika.

Nilibisha. Nilibisha sana, nikaleta miaka yangu kumi na moja ya ufundi, nikamuuliza yeye kafungua pawabenki ngapi maishani. Hakujibu. Nikachukua moja mezani kwangu, mpya, nikageuza mgongo, nikatafuta miwani ya jirani. Ipo. Imeandikwa kabisa, herufi kama mchwa.

Sikuandika kwenye grupu kwamba kapatia. Nilinyamaza, nikawa kama wale niliowasema hapo juu. Siku ya pili yake nikamfuata inboksi nikamshukuru, akanipa na mbinu ya kumkamata feki wa kweli: pima uzito. Betri za kushika 20,000 peke yake ni kama gramu 300 na zaidi, sasa ukikuta imeandikwa 50,000 na ni nyepesi kama pakiti ya biskuti ujue ndani kuna hewa na maneno.

Jumamosi nikateremka Kibirizi. Shikamoo mama, marahaba mwanangu fundi, karibu. Nikaanza kumueleza taratibu, kwamba ile pawabenki ya siku ile, nimekuja kugundua, ilikuwa nzima. Akaniangalia. Akasema mbona niliirudisha, yule kijana alikataa kunipa hela tukagombana mpaka watu wakajaa, mwisho nikamuongezea elfu kumi akanipa kubwa zaidi. Akaitoa kwenye mkoba. Imeandikwa 50,000, kwa rangi ya dhahabu.

Nikaomba mzani wake wa dagaa. Akaweka yeye mwenyewe, mshale ukasogea kidogo ukasimama kabla ya robo kilo.

"Kwani inatakiwa kuwa ngapi?"

"Inakaribia kilo, mama."

Akaitoa mzanini, akapangusa magamba, akairudisha kwenye mkoba polepole. Akaniuliza, na hao watu wako wa kwenye simu waliokufundisha hayo, walikuwa wapi siku ile unaniambia nimepigwa? Sikuwa na la kusema. Kanifungia dagaa wa elfu tano, hela kakataa, kasema Jumatatu asubuhi tunaenda wote kwa yule dogo na mimi ndiye nitakayeongea.

Leo Jumapili. Grupu nimeliweka kimya tangu jana, sijui kwa dogo naanzia wapi.