Daktari wa stroki (kiharusi) kwenye skrini: nyota 4, moja wameipotezea kwa mkalimani

Naandika kwa wenye wazazi huku Marekani, maana mi sikujua hii huduma ipo mpaka yalipotukuta. Baba kanywa chai na mama saa sita mchana yuko fiti kabisa, saa saba na nusu mama anarudi sebuleni anamkuta mdomo umeenda upande na mkono wa kulia hauinuki, tukapiga 911. Tulikopelekwa ni hospitali ndogo, bingwa wa ubongo hawana, nikasema basi tena, mara nesi huyo anasukuma kimashine chenye skrini na kamera mpaka kitandani, daktari yuko huko mbali anatuona wote.

Swali la kwanza: mara ya mwisho mlimwona mzima saa ngapi? Mi nikajibu saa saba na nusu. Akakataa, hiyo ni saa mliyomkuta. Mama ndo akasema saa sita. Kumbe ile sindano ya kuyeyusha damu iliyoganda inahesabiwa kuanzia hapo, na ikipita masaa manne na nusu kwa kawaida hawachomi, tena lazima siti skani (picha ya ndani ya kichwa) kwanza maana kama ni mshipa umepasuka sindano ndo inammaliza. Baba alichomwa kabla ya saa tisa. Kwa spidi hiyo sina neno.

Na huyo wa skrini Medicare, ile bima ya serikali ya wazee, imemlipia. Zamani walikuwa wanalipia ukiwa vijijini tu, sheria ya FAST ikapitishwa 2018, toka Januari 2019 popote ulipo wanalipa. Kwa hili wanasiasa wamefanya kazi jamani.

Sasa shida. Kipimo cha kuongea walifanya kwa kiingereza! Baba kiingereza chake ni cha good morning, anaonyeshwa picha ya kaktasi, ule mmea wa miba wa jangwani, ataje jina, mtu gani wa kwetu anajua kaktasi? Kanyamaza, wakaandika hawezi kuongea. Mi napiga kelele mlangoni anaongea, muulizeni kiswahili! Hospitali inayopokea hela za serikali inatakiwa kisheria ikupe mkalimani bure, kwa hiyo dai mapema, msisubiri kuulizwa kama sisi.

Mkalimani wa kwenye simu alipatikana usiku. Kitu cha kwanza baba kumwambia ni anataka chai, nesi akasema hapana, mpaka apimwe kumeza.