Kadi za Punguzo za Kambi Ulaya: Anza na Tarehe, Bei Baadaye

Jumamosi ya tarehe 7 Juni 2025 tulifika kwenye kambi ya mahema, Ziwa Garda, Italia, saa kumi na mbili jioni, watoto hoi, hema bado liko kwenye buti. Nikampa dada wa mapokezi kadi yangu ya punguzo la asilimia 10. Akaigeuza nyuma, akanirudishia: wiki hii haikubaliki. Kesho yake ilikuwa Pentekoste. Tukalipa yuro 58 kwa usiku mmoja, kodi ya utalii juu yake, na kadi yenyewe nilikuwa nimeinunua yuro 30. Walioniuzia siwataji, ila katika tangazo lao lote hakuna mahali palipoandikwa Pentekoste.

Habari za mabwawa ya kuogelea na idadi ya nyota mtazipata kwingine. Mimi sasa nachagua kadi kwa tarehe zake.

Kambi inakupa punguzo kwa sababu Mei na Septemba ina nafasi tupu. Julai na Agosti inajaa bila wewe, kwa hiyo kadi nyingi zinalala. Hilo wengi wanalijua. Kinachowaponza ni matundu ya katikati, yaani Kupaa kwa Bwana na Pentekoste, ambazo zinahama kila mwaka kwa kuifuata Pasaka. Pentekoste ya 2025 ilikuwa tarehe 8 Juni, ya 2026 ni tarehe 24 Mei. Hapa Bavaria ninakoishi, shule hufungwa kwa wiki mbili baada yake, na watu wanashuka Italia kwa foleni kupitia Brenner, njia ya milimani kati ya Austria na Italia. Ukisafiri na kitabu cha kambi za punguzo cha mwaka jana ulichoazimwa na rafiki, tarehe zake zitakuingiza hasara.

Ndiyo maana naiweka CampingCard ACSI ya kwanza, na sioni ya kuikaribia. ACSI ni Waholanzi, wapo tangu 1965, na wakaguzi wao huzitembelea kambi kila mwaka. Kadi ni kama yuro 20, inakuja na kitabu chenye kambi zaidi ya 3,000, na chini ya kila kambi zimechapwa tarehe inazoipokea kadi, pamoja na bei yake maalumu. Nilipokifungua mara ya kwanza nilipitisha kidole kwenye kambi za Garda moja baada ya nyingine: kipindi cha kwanza, pengo, kipindi cha pili, pengo refu la kiangazi, kisha Septemba. Ningekuwa nacho mwaka ule, tungelala kwingine.

Bei hiyo ni ya watu wazima wawili, nafasi ya hema au karavani, gari, mbwa mmoja na umeme. Umeme una kikomo cha kilowati-saa 4 kwa siku, na hita ya wati 2,000 inazimaliza kwa saa mbili, kwa hiyo beba mablanketi. Watoto mara nyingi wanalipiwa zaidi, na kodi ya utalii haimo. Unapoweka nafasi, andika kabisa kwamba utatumia kadi.

Ya pili ni Camping Card International, na sababu yake ni pasipoti. Kambi nyingi hutaka kubaki na kitambulisho chako hadi uondoke. Msomaji mmoja kutoka Mombasa aliniandikia kwamba hakupata usingizi kwa kuwa pasipoti yenye viza yake ilikuwa kwenye droo ya watu asiowajua. Namwelewa kabisa. Kadi hii kambi nyingi huipokea badala ya pasipoti, na ina bima ukimharibia mwenzio kitu. Punguzo lake nalichukulia kama nyongeza tu.

Wenye gari la kulala lenye choo ndani wakienda Ufaransa wachukue mpango wa France Passion, ulioanza 1993: unalala bure usiku mmoja kwa mkulima wa zabibu au mfuga mbuzi. Wenye hema hawaruhusiwi.

Programu za simu kama park4night zinafaa kutafutia pa kulala ukikwama. Basi.

Kinachoniudhi zaidi ni wauzaji wanaoandika "hadi asilimia 20" kwa herufi kubwa, kisha tarehe wanazificha kwenye masharti ya kurasa kumi, tena kwa Kijerumani cha mawakili. Wengine wanakuunganisha na malipo yanayojirudia kila mwaka, na kujitoa mpaka uandike barua. Familia yenye watoto wa shule inasafiri likizo tu, na likizo ndiyo siku ambazo kadi hizi hazifanyi kazi. Wangetuambia kabla hatujalipa. Kama likizo yenu ni Agosti peke yake, msinunue kadi ya punguzo hata moja. Tafuteni kambi za manispaa Ufaransa, nyingi ni nafuu kwa kila mtu.

Na kadi ya ACSI inaisha tarehe 31 Desemba hata ukiinunua Oktoba. Subirini ya mwaka mpya.