Fundi wa marinda wa Kaloleni, Arusha

Kibanda chake hakina kibao. Ukitoka pale mnara wa Mwenge, karibu na Makumbusho ya Azimio la Arusha, ukaingia mitaa ya Kaloleni, ulizia fundi wa marinda. Mwenye genge yeyote atakuonyesha mlango wa bati la kijani. Ndani utakuta cherehani mbili za Singer za kukanyaga, meza ya kukatia, pasi ya mkaa na kaunta buku moja kubwa. Hiyo kaunta buku ndiyo iliyonifanya niandike haya.

Mimi ni nesi, zamu zangu nyingi ni za usiku. Nina watoto wawili shule ya msingi, binti na mdogo wake wa kiume. Ada ya shule za serikali hadi kidato cha nne iliondolewa mwaka 2016, lakini sare bado ni ya mzazi, na kila Januari inakuja na madaftari, viatu na sweta kwa pamoja.

Januari ya mwaka juzi nilinunua za dukani: sketi mbili kwa 15,000 kila moja, kaptula mbili kwa 12,000, mashati manne kwa 12,000. Jumla 102,000. Machi zipu ya sketi ikafa. Aprili marinda yakaanza kufumuka. Kaptula nayo ilijisokota baada ya kufuliwa, mshono wa pembeni ukahamia mbele ya goti. Asubuhi moja nimetoka zamu, badala ya kulala nimeshika sindano, nikachukua karatasi nikaandika vitu vitatu: fedha, saa, nguvu. Sare zile zilikuwa zimekula vyote vitatu, na Julai nikanunua nyingine. Nikaandika chini yake ninachokitaka hasa: mtoto apendeze, aliyeshona alipwe vizuri, na mimi nilale.

Nilikwenda kwa fundi huyu tarehe 14 Desemba, bado nimevaa gauni la kazi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, sista. Sare za Januari nilifunga kupokea tarehe 10. Nikikupokea wewe, kuna mwingine nitamdanganya."

Akanifungulia kaunta buku. Kila siku ina mistari sita, nguo sita, basi. Siku zote hadi shule kufunguliwa zilikuwa zimejaa. Niliondoka nimekasirika, kusema kweli, na watoto wakafungua shule na sare zilezile za Julai. Lakini wiki ileile jirani yangu alikwenda kwa fundi wake mara nne, kila mara anaambiwa njoo kesho, nauli inakwenda na kurudi. Mwisho wa Januari nikarudi Kaloleni.

Hashoni kwa vipimo vya kuandikiwa. Mtoto lazima aende mwenyewe. Anampima amesimama, halafu anamkalisha kwenye stuli anapima tena kiuno na paja, kwa sababu mwanafunzi anashinda amekaa. Anamwambia anyooshe mikono kama anayejibu swali darasani, ndipo anapima urefu wa shati, lisichomoke.

Kitambaa ananunua mwenyewe au unaleta wako, na ukileta atakipima kwa moto. Anachomoa nyuzi mbili tatu pembeni, anawasha kibiriti. Pamba inaungua ikawa jivu laini lenye harufu ya karatasi. Poliesta inayeyuka na kuacha kidonge kigumu. Hakatai mchanganyiko, kwa sketi anaupendelea hata, kwa kuwa marinda yanashika pasi. Anachokataa ni kuuziwa poliesta tupu kwa jina la pamba. Kitambaa chenye pamba nyingi anakiloweka usiku mzima na kukikausha kabla ya mkasi, kirudi kabisa kikiwa bado kwake, kisije kikarudia mwilini mwa mtoto. Kuhusu kaptula yangu ya dukani, aliigeuza nje ndani, akafuata nyuzi kwa kidole: kitambaa kilikatwa kimelalia upande ili zitoke kaptula nyingi zaidi, kwa hiyo kikifuliwa lazima kijisokote. Ujana wake alifanya kazi Kiltex, kile kiwanda cha nguo cha umma kilichokuwa hapa Arusha, na bado anagusa kitambaa kama mtu anayejua kilivyofumwa.

Kilichonigusa zaidi kipo upande usioonekana. Pindo la sketi analiacha sentimita kumi, limekunjwa mara mbili. Ubavuni anaacha sentimita tatu kila upande. Makalio ya kaptula yanapitiwa na mshono mara mbili. Mtoto akirefuka unarudi, binti anayejifunza kazi pale anafumua kwa wembe, pindo linashuka, unalipa 1,000. Sketi ya binti yangu imeshushwa mara mbili na marinda yake bado yamesimama. Yule binti anayejifunza kazi analipwa kila Jumamosi jioni. Nimeshuhudia mzee akimhesabia mbele ya wateja na kuandika kwenye kaunta buku ileile.

Bei yake pamoja na kitambaa: sketi 20,000, kaptula 16,000, shati 15,000. Seti yangu yote ilifika 132,000, yaani 30,000 zaidi ya dukani. Kwa mzazi anayehesabu mia mia hiyo si fedha ndogo, na sitamlaumu anayekwenda dukani. Mimi sikuwa nayo kwa mkupuo. Safari hii ninapeleka kidogo kidogo kuanzia Septemba, anaandika, ananipa karatasi yenye tarehe.

Kasoro zipo. Hakuna mahali pa kukaa. Mvua ikinyesha mnasongamana mlangoni na watoto. Haweki nembo ya shule, utaitafutia fundi mwingine. Simu hapokei akiwa kwenye cherehani, na ukitaka gauni la kitenge la mtindo mpya, nenda kwingine, atakuambia hivyo yeye mwenyewe. Shati moja la mwanangu lilibana kola. Alilirekebisha bure palepale, ila ilibidi nimrudishe mtoto apimwe, na Jumamosi nzima ikaishia huko.

Tarehe alizonipa hajakosa hata moja. Nikifika saa kumi, nguo imepigwa pasi na imening'inia.

Ukitaka sare za Januari, nenda kabla Novemba haijaisha, nenda na mtoto, na uwe na nusu ya fedha. Mimi nimeandikiwa Jumamosi ya pili ya Novemba. Nimeshamwomba sista mkuu asinipangie usiku wa Ijumaa.