Kisanduku cha diski mbili, baada ya miaka mitatu na nusu

Aliyegundua ugonjwa alikuwa mama. Mimi sikusikia kitu, na kisanduku chenyewe, kile cha kuhifadhia mafaili yetu ya nyumbani, ndiyo kabisa. Alikuja kututembelea Sinza mwezi wa pili, joto lilelile mnalolijua, akawa analala sebuleni kwa ajili ya feni. Asubuhi ya tatu akaniambia, "Baba Nuru, hicho kidude chako chini ya tivii kinakohoa usiku kucha."

Nikainama nikatega sikio. Tk, tk, kimya, halafu mvumo wa kuanza upya, kama bajaji inayokataa kuwaka. Taa ya mbele kijani. Nikafungua ukurasa wake kwenye simu: Diski 1, afya nzuri. Diski 2, afya nzuri.

Kwa hiyo tathmini yangu inaanzia kwenye hiyo "afya nzuri".

Jina la kampuni silitaji. Ni kisanduku cha kawaida cha matundu mawili, kinachochomekwa waya wa ruta na kukaa kimya. Mimi kazi yangu ni video za harusi, na harusi moja ya kamera tatu inakula nafasi kama mchwa. Niliweka diski mbili za TB 4 kwa mtindo wa pacha: kinachoandikwa kwenye moja kinaandikwa na kwenye nyingine, ili moja ikifa nyingine ibaki. Kwa matumizi ya kila siku sina malalamiko. Simu ya mke wangu inatuma picha zenyewe ikishaingia kwenye wai-fai ya nyumbani, mimi navuta mafaili kutoka chumba cha pili, umeme ukikatika na kurudi kinaamka bila kuguswa. Hapo nampa mtengenezaji haki yake.

Tatizo ni kwamba kinaficha habari mbaya. Kila diski ina daftari lake la ndani, linaitwa SMART, ambamo inaandika yenyewe imewashwa saa ngapi, imepata joto kiasi gani, sehemu ngapi za sahani zimegoma kusomeka. Kisanduku kinalisoma daftari hilo, kisha kinakufupishia kwa neno moja, "nzuri". Na hilo neno halibadiliki mpaka thamani fulani ivuke mpaka aliouweka mtengenezaji wa diski, ambao kwa kawaida uko mbali mno. Diski inaweza kuwa inakata roho na bado ikapewa "nzuri".

Namba zenyewe zipo, ila zimezikwa ndani ya menyu ya tatu. Nilipozifikia, Diski 1 ilikuwa safi. Diski 2, mstari wa 197, unaohesabu sekta (vipande vidogo vya sahani) zilizoshindwa kusomeka na zinazosubiri uamuzi, ulisema 24. Hiyo ni Jumatatu. Ijumaa ilikuwa 312. Mstari wa 5, wa sekta zilizokwisha kuhamishiwa kwenye akiba, nao ulikuwa umeanza kupanda. Backblaze, kampuni ya Marekani inayohifadhi data za watu kwenye maelfu kwa maelfu ya diski, iliwahi kueleza kuwa inaangalia zaidi mistari mitano: 5, 187, 188, 197 na 198. Kwangu mitatu kati ya hiyo ilikuwa imeshatoka kwenye sifuri. Joto lilikuwa nyuzi 51.

Joto hilo, niseme ukweli, si kosa la kisanduku peke yake. Mama alikuwa amekiona kiko uchi, akakifunika na kitambaa cha kufuma, kile cha maua ya pembeni, kama anavyofunika redio kwake Korogwe. Kikaning'inia hadi nyuma kwenye feni ya kisanduku. Ila saa za kazi zilikuwa 31,400 na ushei, na kitambaa kilikuwa na siku tatu.

Duka la kwanza nililopeleka, la karibu na nyumbani, kijana hata hakukiwasha. "Hii tunaifomati tu bosi, inakuwa mpya." Nikabeba kisanduku changu. Ukifomati diski yenye sekta mbovu unafuta harusi za watu na ubovu unabaki palepale.

Kariakoo nikaelekezwa kwa fundi mmoja ghorofa ya pili, kibanda hakizidi meza mbili, na huyu ndiye anayestahili nyota zote ninazozibania hapa. "Shikamoo mzee." Marahaba. Swali la pili: "Una nakala nyingine nje ya hiki?" Nikasema zipo pacha. Akacheka kwa heshima. "Pacha si nakala, mzee. Ukifuta faili huku, na kule limefutika. Radi ikipiga, inapiga zote mbili."

Kabla ya kuilaumu diski alitaka kujua kama si waya. Mstari wa 199 ndio unaohesabu makosa ya njiani, kati ya diski na ubao, na kwangu ulikuwa sifuri. Hata hivyo akazima, akabadilisha matundu, ya kushoto kulia, akawasha. Kikohozi kikahama pamoja na diski. Halafu akaitoa, akaiunganisha peke yake kwenye laptopu yake kwa waya wa USB, akaendesha smartctl, ambayo ni programu ya bure na inakaa kwenye Windows, Linux na Mac. Akaanzisha jaribio refu. Jaribio la aina hii linasoma diski nzima na kwa TB 4 ni kazi ya saa nyingi, lakini la kwangu lilikwama mapema: limeshindwa kusoma, imebaki asilimia 70.

"Hii tumuage," akasema.

Nilitaka ninunue diski mpya niichomeke hapohapo. Akanizuia. Diski 1 ilinunuliwa siku moja na mwenzake, duka moja, saa zao sawa. Kuunda pacha upya ni kuisoma yote tangu mwanzo hadi mwisho bila kupumzika, na kama nayo ina udhaifu, itauonyesha usiku huo. Nikaambiwa nirudi nyumbani na diski moja, ninakili kila kitu kwenye diski ya nje kwanza. TB 2.6, usiku mzima, nami macho makavu kama mlinzi.

Kununua diski nako kuna vituko vyake. Muuzaji mmoja alinipa "mpya, haijafunguliwa", ndani ya mfuko unaong'aa. Nikamwomba tuichomeke kwanza kwa fundi. Saa za kazi: 19,000 na zaidi. Miaka miwili na ushei, mchana na usiku, kwenye seva ya nani sijui. Akasema labda ni za kiwandani. Na hata sifuri siku hizi si kiapo: mapema mwaka 2025 vyombo vya habari vya Ujerumani vilifichua diski za Seagate zilizokwisha kutumika, zikiuzwa kama mpya baada ya watu kurudisha hesabu ya saa nyuma. Niliyoichukua mwishowe ilikuwa na saa mbili, karatasi ya dhamana, laki tatu na themanini. Fundi alidai elfu ishirini. Nikampa thelathini.

Niliichomeka saa mbili usiku. Saa kumi na moja na nusu alfajiri, wakati msikiti wa jirani unaadhini, kisanduku kikatoa mlio mmoja mfupi na taa ya pili ikawa kijani.

Kwa kifaa natoa nyota tatu. Ningeongeza ya nne kama jaribio refu la kila mwezi na barua pepe za tahadhari vingekuja vimewashwa tayari. Vyote viwili vimo ndani yake, vimezimwa, na niliviwasha mwenyewe siku ile. Diski ya nje sasa inakaa kwa shemeji yangu Mbagala, naipitia kila mwisho wa mwezi.

Mama ameondoka wiki iliyopita. Kitambaa amekiacha, amekikunja juu ya kisanduku, safari hii nusu tu, nyuma wazi.