Kozi ya Kichina "lugha pamoja na utamaduni": nimemaliza levo ya kwanza, maoni yangu haya hapa

Watu kadhaa wamenitumia meseji wanauliza kama ile kozi inafaa au ni matangazo tu, sasa naandika hapa mara moja nisirudie rudie. Jina la chuo sitaji maana kuna sehemu ntalalamika. Nawapa nyota tatu na nusu kati ya tano, na hiyo nusu ni ya ticha mmoja peke yake.

Nianze na lawama. Wiki mbili za kwanza ilikuwa mapambo tu, tunakata karatasi nyekundu, tunatengeneza taa, tunavaa qipao (lile gauni la Kichina) tunapiga picha, halafu unarudi nyumbani neno la Kichina ulilosema siku nzima ni xièxie, yaani asante, basi. Jamani mi mtu mzima, nimekuja kujifunza kuongea. Hata ile siku ya brashi na wino, ambayo nakiri niliipenda, tulipewa brashi kabla hata hatujafundishwa mstari upi wa herufi unaanza na upi unafuata, kwa hiyo tulikuwa tunachora, kuandika hakukuwepo.

Wiki ya tatu akaja ticha mwingine na hapo ndo kozi ikaanza.

Aliingia na boksi limefungwa vizuri na utepe, akanipa, akasema mpe mwenzako. Nikampa jirani yangu, akapokea kwa mkono mmoja, akashukuru, akataka kulifungua palepale. Ticha akamshika mkono huku anacheka, haya turudie. Safari hii jirani anatakiwa akatae, búyòng búyòng (hapana, usijisumbue), mi nambembeleza, anakataa tena, nambembeleza tena, mwisho ndo anapokea kwa mikono miwili na kuliweka pembeni bila kulifungua. Darasa zima tukazunguka hivyo wawili wawili mpaka mtu unajishtukia umeongea Kichina nusu saa na wala hukuona aibu. Halafu ndo akafungua boksi: saa ya ukutani. Akatuambia hapo sasa mmeharibu kila kitu, maana kumpa mtu saa ni sòng zhōng, na matamshi yake ni yaleyale ya kumsindikiza mtu anayekata roho. Tulicheka sana lakini somo liliingia. Sì ni nne, sǐ ni kufa, tofauti ni toni tu, yaani sauti inavyopanda na kushuka, na ndo maana kuna majengo kule China hayana ghorofa ya nne. Zile toni nilizihangaikia kwenye apu mwezi mzima bila mafanikio, ila hizo mbili sijazikosea tena.

Kingine nilichokipenda ni zoezi la ukoo. Kitabu chetu maelezo yake ni ya Kiingereza, kwa hiyo kwenye orodha unakuta maanko kibao hujui nani ni nani. Ticha akasema fungeni kitabu, kila mtu achore ukoo wake aueleze kwa lugha yake kwanza. Weee, dakika mbili tu kitu kikajipanga chenyewe: bóbo ni baba mkubwa, shūshu ni baba mdogo, jiùjiu ni mjomba, gūgu ni shangazi. Yaani muda wote tulikuwa tunapitia kwa Kiingereza kitu ambacho Kiswahili kinacho tayari, tunapoteza njia bure! Hapo ndo nikaelewa maana ya kuweka tamaduni mbili mezani, siyo kuangalia ya mwenzako kama uko makumbusho.

Kulikuwa pia na maongezi ya video na wanafunzi wa China. Mwenzangu siku ya kwanza kaanza na chī le ma, umekula? Mi nikajieleza kabisa, hapana bado, nitakula baadaye, nimechelewa kutoka, yeye kanyamaza ananiangalia tu. Kumbe ni salamu ya kizamani, unajibu chī le yanaisha. Akanisifia Kichina changu, nikamjibu nǎli nǎli, yaani wapi bwana, kama tulivyokaririshwa, akaangua kicheko, eti unaongea kama babu yangu, siku hizi wengi tunasema xièxie tu. Hapa nawalaumu kidogo walimu, hata yule mzuri. Kila kitu ni "Wachina hufanya hivi", kama vile watu zaidi ya bilioni moja wana tabia moja. Wangetuachia tuwaulize wenyewe, tungejifunza zaidi na tungeongea zaidi. Ila maongezi yenyewe yalikuwa matatu tu kozi nzima, na mara moja mtandao ukagoma.

Halafu mtihani wa mwisho ulinikera. Maneno, herufi na kuchagua jibu sahihi, mwisho. Hakuna hata sehemu moja ya kumkaribisha mtu au kukataa zawadi kwa adabu, wakati hayo ndo tuliyoyafanyia kazi. Wenzangu wawili waliokuwa wanatoroka yale maigizo wamepata alama kunishinda, sawa, lakini ukiwaongelesha Kichina wanatabasamu tu.

Ukitaka cheti cha HSK, ule mtihani rasmi wa Kichina kwa wageni, haraka haraka hapa utaona unacheleweshwa, katafute darasa la mitihani. Ukitaka kufungua mdomo, nenda, ila hizo wiki mbili za mikasi na karatasi uvumilie. Mi levo ya pili nishajiandikisha, japo nimepiga simu kwanza kuuliza ticha ni yupi.