Sita au Tisa? Shimesikio za Kisasa, Ipi Ununue na Ipi Uiache Dukani

Mama yangu alianza kupoteza usikivu kwenye namba. Sokoni Mgandini, Tanga, muuza samaki akitaja elfu sita, yeye anahesabu elfu tisa; akitajiwa tisa anatoa sita, na ugomvi unaanza. Nyumbani tulicheka sana, mpaka daktari wa masikio aliponieleza jambo lililonifuta kicheko. Katika "sita" na "tisa" irabu ni zilezile, tena kwa mpangilio uleule: i, halafu a. Kinachotofautisha ni s na t kubadilishana nafasi. Irabu zina nguvu na ziko kwenye masafa ya chini, yaani sauti nzito. S, t, f na sh ni sauti hafifu za masafa ya juu, yaani nyembamba, na uzee huanza kula huko juu. Mama alikuwa anasikia "i-a", mengine anakisia. Ndiyo maana wazee husema, "Nasikia unaongea, ila sielewi unasema nini." Nasi tunazidi kupaza sauti, bila kujua kwamba tukipaza tunazikuza zaidi irabu, ambazo wala hazikuwa na shida.

Tangu hapo nimezunguka na Mama, kisha na mjomba wangu, kliniki na maduka kadhaa kutafuta shimesikio, yaani kifaa cha kuvaa sikioni kinachomsaidia mtu kusikia. Kipimo changu ni kimoja. Nakaa mita mbili nyuma ya mgongo wake, redio imewashwa, namtajia sita na tisa kwa kuchanganya, mara ishirini. Shimesikio isiyomwezesha kuzitofautisha sijali ina akili mnemba ya aina gani. Mpangilio ulio hapa chini umetokana na kipimo hicho, na unamhusu mtu mzima ambaye usikivu wake umepungua polepole kwa umri. Mtoto ana njia yake, na inaanzia kwa daktari, si dukani.

Kabla hujafungua pochi

Mwanzo ni kliniki ya masikio, pua na koo. Mjomba alikwenda akiwa tayari na fedha za shimesikio. Sikio la kushoto lilikuwa limezibwa na nta tu. Ikatolewa, akarudi nyumbani na nusu ya tatizo imekwisha. Kama usikivu umekatika ghafla, ndani ya siku moja au mbili, hilo ni jambo la dharura: nenda hospitali leo. Vivyo hivyo kama ni sikio moja tu, au kuna usaha, maumivu au kizunguzungu.

Baada ya hapo dai karatasi ya kipimo yenye grafu ya kila sikio, na uitunze kama hati ya kiwanja. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 20 hadi 35 ni upungufu mdogo, 35 hadi 50 wa kati, 50 hadi 65 unaelekea kuwa mkubwa, na 65 kwenda juu ni mkubwa. Mtu aliyepita 80 mara nyingi shimesikio humsaidia kidogo, na hapo mazungumzo huhamia kwenye upasuaji wa kupandikiza kifaa ndani ya sikio, ambao Muhimbili ilianza kuufanya mwaka 2017. Muuzaji anayekupa bei bila kuitazama karatasi hiyo, muage kwa heshima.

Nafasi ya kwanza: ya nyuma ya sikio, daraja la kati, ya kuchaji

Ni ile ambayo mwili wake mdogo unakaa nyuma ya sikio, waya mwembamba unashuka, na kispika kinakaa ndani ya tundu kikiwa kimevishwa kofia laini ya mpira. Kampuni kubwa zote, Phonak, Oticon, ReSound, Signia na Starkey, zinazo. Kile ambacho wauzaji hawakitangulizi ni kwamba umbo hilohilo huuzwa kwa madaraja. Phonak, kwa mfano, huyaandika kwa namba: 30, 50, 70, 90. Ganda ni lilelile. Unacholipia ni ufundi wa programu ya ndani, hasa wa kupambana na kelele. Kwa mtu anayeshinda nyumbani, sokoni na kwenye nyumba ya ibada, mimi ningesimama kwenye 50 au mfano wake, na fedha inayobaki ikanunue ya sikio la pili.

Hilo la sikio la pili nalisisitiza. Mbili za kati zinaishinda moja ya kifahari. Ubongo hujua sauti inatoka upande gani kwa kulinganisha masikio mawili, na katika mji uliojaa bodaboda, kujua honi imetoka kulia au kushoto si anasa.

Ila uhai wa shimesikio hii uko mikononi mwa anayeiseti. Kuna kipimo cha kuingiza mrija mwembamba tunduni, karibu na ngoma ya sikio, kisha shimesikio inawashwa na mtaalamu anasoma kwenye kompyuta sauti inayofika kweli. Sehemu nyingi hukiruka. Wanabonyeza kitufe cha "anza", programu inakisia kwa kutumia karatasi yako na wastani wa masikio ya watu wengine, basi, lipa uondoke. Jozi ya kwanza ya Mama ilisetiwa hivyo: kwenye sita na tisa alipata kumi na mbili kati ya ishirini, karibu sawa na kubahatisha. Tukaipeleka kwa mtaalamu mwingine mwenye kipimo cha mrija. Vifaa vilevile, saa moja ya kazi, akapata kumi na nane. Kwa hiyo nikiulizwa teknolojia ipi mpya ina faida kuliko zote, jibu langu ni huo mrija, na wenyewe si mpya hata kidogo.

Siku za mwanzo Mama alilalamika: "Mwanangu, najisikia kama naongea ndani ya mtungi." Hiyo ilitokana na kofia ya mpira kuziba tundu lote; alibadilishiwa yenye matundu, mtungi ukatoweka. Jambo la pili sijaliona kwenye mwongozo wowote wa kigeni, nalo ni mtandio. Maikrofoni ziko juu ya sikio, na kitambaa kinapozisugua, yeye husikia kama mtu anakunja magazeti kichwani mwake. Nenda kwenye majaribio ukiwa umevaa unavyovaa kila siku, si kichwa wazi. Pamba laini isiyokazwa hapo sikioni ilimfaa kuliko vitambaa vya kumetameta, ambavyo sasa ni vya harusini tu.

Uulize pia kuhusu simu. Shimesikio nyingi huongea moja kwa moja na iPhone na baadhi tu ya simu za Android. Phonak, tangu toleo la Marvel la 2018, hutumia Bluetooth ya kawaida, hivyo hata kitochi kinakubali ilimradi kina Bluetooth. Simu ikiita, sauti inaingia masikioni yote mawili. Kwa mama anayeishi mbali na wanawe, hii peke yake inarudisha nusu ya gharama.

Chaji ya usiku mmoja hutosha siku nzima. Kwenu umeme ukiwa wa kubahatisha, chagua kikasha cha kuchajia chenye betri yake ndani. Vipo, lazima uvitaje kwa jina la kazi yake, maana kikasha cha kawaida hutegemea waya ukutani. Betri ya ndani huchoka baada ya miaka michache kama ya simu, kwa hiyo uliza mapema itabadilishiwa wapi.

Nafasi ya pili: ile kubwa ya betri za vidonge

Haina uzuri wa kupiga nayo picha, lakini kwa babu wa kijijini naiweka mbele hata ya ile ya kwanza. Betri zake hutambulika kwa rangi ya karatasi: kahawia ni namba 312, chungwa ni 13, buluu ni 675. Kadiri betri inavyokuwa kubwa ndivyo inavyodumu, na ndivyo vidole vyenye kutetemeka vinavyoweza kuishika. Betri hizi huvuta hewa ili zifanye kazi: ukishabandua karatasi, iache wazi dakika moja au zaidi kabla ya kuiweka, na usizibandue zote kwa pamoja. Huko Otse, Botswana, mradi wa Solar Ear umeunda chaja ya jua kwa betri za kuchajika za ukubwa wa 13 na 675, kazi iliyofanywa na mafundi ambao wengi wao wenyewe ni viziwi. Wazo kama hilo ndilo linalofaa kwetu kuliko mengi yanayopigiwa tarumbeta kwenye maonyesho ya Ulaya.

Nafasi ya tatu: zenye akili mnemba

Hapa ndipo matangazo yalipo mengi. Oticon ilitoa shimesikio iitwayo More mwaka 2021, ikisema imeifunza kwa sauti milioni 12 za maisha ya kawaida. Mwaka 2024 Phonak ikaja na Audéo Sphere Infinio, yenye chipu ya pili ambayo kazi yake ni moja: kuitenganisha sauti ya mtu na kelele iliyomzunguka. Mjomba aliijaribu kwenye kliniki moja, nikiwa nimecheza kelele za stendi kwenye simu yangu. Inafanya kazi, sitasema uongo. Alinifuata maneno pale ambapo mimi mwenye masikio mazima nilijikaza.

Mbona basi ni ya tatu? Kwanza bei: zana za juu namna hii, huko Marekani, jozi hupita dola 4,000 kwa urahisi, na hapa hazishuki. Pili, chipu hiyo inakula betri na inakinenepesha kifaa. Tatu, msaada wake unaonekana kwenye kelele nzito, na mzee anayeketi barazani hukaa kwenye kelele hizo mara ngapi kwa wiki? Mwalimu, mfanyabiashara wa stendi, mtu wa vikao vya harusi: hao wainunue kama wanayo fedha. Mjomba, fundi cherehani, alibaki na ya kati.

Nafasi ya nne: AirPods Pro

Septemba 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliiruhusu programu ya Apple inayozigeuza AirPods Pro 2 kuwa shimesikio kwa wenye upungufu mdogo au wa kati. Bei yake huko wakati huo ilikuwa dola 249, na unajipima mwenyewe kwa iPhone. Kwa fedha hiyo, ni kazi ya kusifiwa. Lakini programu hiyo haijafunguliwa kila nchi, ihakikishe kwenye simu yako kabla ya kununua. Chaji ya toleo hilo ni ya saa sita hivi, siku ya mzee ni saa kumi na sita. Halafu kuna adabu zetu: ukikaa mbele ya mkwe na vitu vyeupe masikioni, ataamini unasikiliza muziki huku unampa shikamoo. Zinamfaa kijana wa ofisini anayekosa maneno kwenye mikutano.

Nafasi ya tano: mzigo wa ndugu kutoka ng'ambo

Tangu 17 Oktoba 2022 Wamarekani hununua shimesikio dukani bila cheti cha daktari, za watu wazima wenye upungufu mdogo hadi wa kati. Ndugu hutuletea kwa mapenzi. Nyingi huhitaji programu ya simu na akaunti, na zikigoma fundi wa hapa hana la kufanya. Kama ndugu ananunua za kliniki, aulize kama zimefungwa zisetiwe na duka lile tu. Na zile za hospitali za umma Uingereza ni za kuazimwa. Hazipelekwi kwa shangazi.

Nje ya orodha

Live Transcribe ya Google, iliyotoka 2019, ni ya bure kwenye Android na inaandika mazungumzo kwenye kioo, Kiswahili kikiwamo. Lahaja nzito huichanganya, mtandao hafifu huikwamisha, lakini benki au hospitalini imemsaidia mjomba kuliko nilivyotarajia. Auracast, teknolojia ya Bluetooth ya kurusha sauti ya ukumbi mzima kwenye shimesikio, ni nzuri; mimi sijaona msikiti wala kanisa Tanga lililoifunga. Ikija bure ndani ya kifaa, sawa. Usiilipie.

Ya mwisho: vikuza sauti vya mtaani

Vile vya chini ya laki, vyenye kijiboksi na kitufe cha kuzungusha. Vinakuza kila kitu sawasawa: irabu, sufuria, feni, pikipiki. Kwenye kipimo cha sita na tisa Mama alipata tisa kati ya ishirini, naye akavivua akishika kichwa. Marekani imeziwekea shimesikio za dukani kikomo cha desibeli 111, au 117 zile zenye mfumo wa kubana sauti kubwa; kijiboksi cha mtaani hakikuambii kikomo chake, na sauti ya juu mno inaweza kuua usikivu uliobaki.

Ukishachagua, risiti iandikwe: namba ya kila kifaa, dhamana ya miaka mingapi, kusetiwa tena bure mara ngapi, na wiki za majaribio zenye haki ya kurudisha. Nunua siku hiyohiyo vichujio vya nta na kopo lenye chembe za kufyonza unyevu, maana hewa ya Tanga, Dar au Mombasa huua vifaa hivi kuliko kuanguka. Zivaliwe saa chache kwa siku wiki ya kwanza, nyumbani. Sokoni zipelekwe wiki ya tatu. Mama alizipeleka siku ya pili, akarudi amezifunga kwenye ncha ya khanga, akasema Mgandini kumbe wanapiga kelele namna ile. Alizivaa tena baada ya siku nne.